Kununua filamu ya kutisha ya utangulizi: pima giza kwanza

Malalamiko ninayoandikiwa mara nyingi na wanunuzi wa filamu za kutisha hayahusu hadithi wala uigizaji. Mtu amenunua filamu inayosimulia yaliyotangulia ile aliyoipenda, amezima taa, na mara tu mhusika anaposhuka chini ya nyumba akiwa na tochi, ukuta ulio nyuma yake unaanza kuchezacheza viboksi vya kijivu. Wengi hudhani runinga imeharibika. Runinga haina kosa. Kasoro imo katika nakala waliyouziwa, na kwa kuwa miongozo mingi huzungumzia sauti, kasha na nyongeza na kulipita jambo hili kimya, mimi nitazipanga nakala kwa kulitazama hilo kabla ya jingine lolote.

Filamu ya utangulizi huumizwa na kasoro hii kuliko filamu nyingine za kutisha, kwa sababu mtazamaji anajua tayari mambo yataishia wapi. Aliyeona The Thing ya mwaka 1982 anajua kwamba kambi ya watafiti wa Norwei huko Antaktika haitasalimika, hivyo utangulizi wake wa mwaka 2011, wenye jina hilohilo, hauwezi kumshika sana kwa swali la nani atapona. Inabidi umshike kwa kile kilichojibanza gizani, na giza likiharibika, hofu yote imekwenda nalo.

Chanzo cha uharibifu huo kinaeleweka. Blu-ray ya kawaida huhifadhi kila rangi kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu kutoka weusi hadi ung'avu kamili, na sehemu ya giza hupata ngazi chache kati ya hizo. Mwanga wa mshumaa unapofifia taratibu ukutani, ngazi zisipotosha jicho huona miviringo iliyopangana kama ile ya kisiki kilichokatwa. Chembechembe za picha, yaani punje ndogondogo zinazoonekana kwenye picha ya filamu, husaidia kuificha miviringo hiyo, lakini faili linapobanwa kupita kiasi chembechembe ndizo hutupwa kwanza, kisha vinabaki viboksi.

Nafasi ya kwanza naipa diski ya 4K Ultra HD, wala si kwa wingi wa pikseli zake, kwa kuwa filamu nyingi za kidijitali zilikamilishwa studioni kwa 2K, yaani nusu ya upana wa 4K kwa pikseli, na baadaye kukuzwa tu. Thamani yake iko katika biti 10, zenye ngazi 1,024 kwa kila rangi, na katika nafasi inayoweza kufika gigabaiti 100, ambayo huruhusu data kupita kwa kasi ya hadi megabiti 128 kwa sekunde. Diski hizi pia hazifungwi zichezwe katika kanda fulani tu za dunia, ilhali Blu-ray ya kanda A, inayouzwa Marekani, inaweza kukataliwa na deki ya kanda B inayotumika Ulaya na Afrika. Penye toleo la Arrow Video ya Uingereza mimi huchukua hilo bila kusita, na sifichi upendeleo wangu: kampuni hiyo huheshimu chembechembe za picha, na toleo lake la Blu-ray la mwaka 2017 la The Thing ya 1982 lilitokana na skani mpya ya 4K iliyoidhinishwa na mpigapicha wake, Dean Cundey. Anayetaka kutazama utangulizi na filamu mama kwa mfululizo atakosa raha ikiwa moja ina giza safi na nyingine ina matope.

Ya pili ni Blu-ray yenye filamu moja kwenye diski ya gigabaiti 50. Naiweka juu ya nakala ya kidijitali ya 4K, ambayo ina pikseli mara nne zaidi na hata biti 10, kwa sababu Blu-ray inaweza kuitengea picha hadi megabiti 40 kwa sekunde, wakati Netflix, kwa mfano, hupendekeza intaneti ya megabiti 15 tu kwa 4K. Kwa Pearl ya mwaka 2022, inayosimuliwa mwaka 1918 kwa rangi kali na mchana mweupe, Blu-ray inatosha kabisa. Na atakayenunua Ouija: Origin of Evil ya mwaka 2016 asirudishe diski akiona vidoa kwenye kona ya juu, kwani mwongozaji Mike Flanagan aliviweka makusudi kuiga alama za kubadilishia mikanda za sinema za zamani.

Nakala ya kidijitali ni ya tatu. Unachonunua ni leseni, nayo inaweza kuondolewa haki zikibadilika. Kagua pia kama manukuu ya lugha ya kigeni, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, yapo, maana bila hayo mazungumzo ya Kinorwei katika The Thing ya 2011 yatakupita.

DVD ni kwa asiye na njia nyingine. Katika skrini kubwa giza lake halitazamiki.

Kinachonikera zaidi ni mwenendo wa wauzaji. Hukunja filamu mbili, utangulizi na ile ya mwanzo, katika diski moja, huibana kila moja ili zitoshe, kisha huandika kwenye kasha kwamba mnunuzi amepewa zawadi. Wengine huitia diski ileile katika kasha la chuma na kupandisha bei, bila kubadilisha hata fremu moja ya picha. Zaidi ya yote, idadi ya gigabaiti za diski ni nadra kuandikwa nyuma ya kasha, ilhali ndiyo habari ambayo mnunuzi wa filamu ya giza anaihitaji kuliko orodha ya mahojiano na waigizaji. Kabla ya kulipa, uliza ni filamu ngapi zimo katika diski moja. Muuzaji akishindwa kujibu, nunua kwingine. Ukishafika nayo nyumbani, tazama kwanza onyesho lenye giza kuliko yote, taa zikiwa zimezimwa, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujakwisha.