Kipimo cha Vinasaba cha Kutafuta Asili: Kinamjibu Nini Mtu wa Pwani?

Vipimo vya vinasaba vinavyouzwa kwenye intaneti na kampuni za Marekani na Ulaya vinazidi kuwafikia watu wa kwetu, hasa wenye jamaa ughaibuni wanaoweza kuagiza kifurushi na kukirudisha maabara. Mimi na mama yangu tumetumia kimoja, na tathmini yangu ni kwamba kinafaa kwa kazi yake, ila kazi yenyewe ni finyu kuliko tangazo linavyodai. Tangazo huahidi kumweleza mnunuzi yeye ni nani. Kinachomfikia baada ya wiki kadhaa ni ramani iliyotiwa rangi pamoja na orodha ya asilimia.

Matumizi hayana taabu. Mtu hukaa nusu saa bila kula wala kunywa, hutema mate ndani ya kichupa mpaka yafike kwenye alama, hukifunga na kukituma. Maabara husoma sehemu laki kadhaa za vinasaba ambazo wanadamu hutofautiana, kisha kompyuta huzilinganisha na sampuli za watu ambao asili yao inajulikana. Udhaifu mkubwa kwa Mwafrika wa Mashariki umo katika ulinganisho huo. Katika mradi wa 1000 Genomes, mradi wa kimataifa uliosoma vinasaba vya watu wa sehemu mbalimbali za dunia na ambao sampuli zake ziko wazi kwa watafiti wote, eneo letu liliwakilishwa na Waluhya wa Webuye, magharibi mwa Kenya, peke yao. Hifadhidata ikikosa watu wa Lamu, Pemba au Kilwa, kompyuta humpeleka mnunuzi kwa jirani yeyote iliye naye, tena kwa nambari yenye desimali inayomfanya aamini kwamba jambo limepimwa barabara. Matokeo yetu yalibadilika kampuni ilipoboresha mahesabu yake: sehemu ya Uajemi ilipungua, ya Uarabuni ikaongezeka, na mama akauliza, kwa haki kabisa, ni ipi kati ya taarifa hizo mbili aihesabu kuwa yake.

Jambo la pili la kulielewa kabla ya kulipa ni mstari wa kuumeni. Kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume tu, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo mwanamke hawezi kuupima mstari huo ila kwa kupitia baba au ndugu yake wa kiume. Hata huyo mwanamume, akirudi nyuma vizazi 10, atakuta nafasi 1,024 za wazee waliomzaa, na kromosomu hiyo inamtaja mmoja tu. Wengi katika pwani yetu wamejenga fahari yao yote juu ya huyo mmoja. Silsila iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na kutunzwa sandukuni mara nyingi hushuka vivyo hivyo, mwana baada ya baba, na mabibi wakaachwa bila majina.

Kwa sababu hiyo naona utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwezi Machi 2023 unamfaidia msomaji wa pwani kuliko kifurushi chochote cha dukani. Watafiti, akiwemo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, walichunguza vinasaba vya watu 80 walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Walikuta kwamba wengi kati ya hao walipata zaidi ya nusu ya vinasaba vyao kwa wazee wa Kiafrika, hasa wanawake, na kwamba sehemu ya Asia, ambayo kwa wengine ilikuwa kubwa mno, ilitoka hasa kwa wanaume wa Uajemi, wakiwa na mchango kiasi kutoka India, mchanganyiko ukianza yapata mwaka 1000. Kumbe masimulizi ya Washirazi, kwamba wazee wao walitoka Uajemi, hayakuwa uzushi mtupu, na wala hayakuwa habari nzima. Ikumbukwe pia kwamba makaburi mengi kati ya hayo ni ya watu wa hadhi, basi matokeo hayawezi kuwasemea wavuvi na wakulima wote wa zama zile. Hata hivyo, watoto wa ndoa hizo walikua wakisema lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao, na urithi huo haumo katika kichupa cha mate.

Tena, watu wa pwani hawakujitambulisha kwa damu peke yake. Zitazameni Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa: Wakilindini, Wachangamwe, Wajomvu, Wamtwapa, Wafaza, Wapate na wenzao. Mengi ya majina hayo ni ya miji na mahali. Aliyeulizwa asili yake alitaja mji, kisha mtaa, kisha mlango wa ukoo, na kwa majibu hayo ikajulikana ni nani atakayemzika na ni nani atakayemsimamia ndoani. Kifurushi hakina pa kuyaandika hayo.

Kuhusu usalama wa taarifa, naomba wasomaji wasilichukulie jambo hili kwa wepesi. Mwaka 2023 wadukuzi walizifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani inayouza vipimo hivi, na mwezi Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mufilisi, ndipo hatima ya hifadhidata yake ikawa mikononi mwa mahakama na wanunuzi. Neno la siri hubadilishwa, vinasaba havibadilishwi, na anayepima huwafichua pia ndugu zake ambao hawakuombwa ridhaa.

Nakipendekeza kipimo hiki kwa anayetafuta jamaa waliopotezana kwa uhamaji, kulelewa na wengine au ukimya wa familia, kwa kuwa kulinganisha ndugu wa karibu ndiyo kazi inayofanywa kwa uhakika. Anayetaka kujua yeye ni mtu wa wapi aanze kwa wazee wa kukeni walio hai, ayaandike majina na miji waliyotoka, kisha akiona bado kuna pengo, aagize. Akiagiza, akatae sampuli yake kuhifadhiwa, na baada ya kupakua matokeo aombe akaunti ifutwe.