Tochi tatu nilizozipima porini Sikonge

Kila Juni namsindikiza mjomba kurina asali porini Sikonge, kusini mwa Tabora mjini. Tunalala huko siku nne, tano, na kazi ni ya usiku, maana nyuki wetu mchana ni wakali mno. Safari hii nilibeba tochi tatu: ya zamani ya mawe mawili, ya kuchaji yenye lenzi ya kuvuta, na ya kufunga kichwani.

Niliyoitegemea ni ya kuchaji. Boksi lake linasema lumeni 10000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na betri yake, hii ya saizi iitwayo 18650, imeandikwa 9900mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Nilipaswa kushtuka palepale dukani, kwa sababu betri ya saizi hiyo, hata iwe nzuri vipi, haifiki hata nusu ya namba hiyo. Usiku wa kwanza niliimulika kwenye mninga ulio hatua 60 kutoka kambini, nikauona mzinga wa gome mpaka kamba iliyoufunga. Baada ya dakika ishirini tochi ilikuwa ya moto mkononi na mzinga uleule umebaki kivuli. Mwanga ukishuka hadi robo, umbali unaomulika unapungua nusu. Kwa hiyo msinunue kwa namba ya lumeni peke yake. Tochi zilizopimwa kwa ANSI FL1, kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, huandikwa umbali kwa mita, yaani pale mwanga unapobaki kama wa mbalamwezi kamili. Saa za kuwaka nazo huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 tu.

Ya mawe mawili haifiki hatua 20, lakini haikuzima ghafla hata siku moja.

Ya kichwani ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mikono yote miwili iko huru, ila moshi wa kurinia ukipanda, taa nyeupe iliyo karibu na macho inaurudisha moshi kama ukuta, huoni kitu. Halafu nyuki wakaanza kuufuata mwanga, mjomba akanipigia kelele:

"Zima hiyo, mjomba! Wanakuja kwako!"

Nilishadungwa mara mbili kwenye kifundo cha mkono. Nikawasha taa yake nyekundu, na wakaacha kunijia usoni, kwani nyuki hawaioni rangi nyekundu. Shida ikawa moja: kwa mwanga huo sega la asali na sega lenye majana (watoto wa nyuki) yanafanana kabisa. Mjomba akawa anaichukua ile ya mawe mawili, anamulika sega sekunde mbili, anaizima, ndipo anakata.

Kwa kazi ya porini nawashauri ya kichwani, lakini hakikisheni ina taa nyekundu yenye swichi yake. Yangu inanilazimu kupitia nyeupe kwanza kila ninapoiwasha, na hilo nimeliona kero kubwa. Ya kuchaji nimeibakiza ya kutembelea njiani tu, na mawe mapya mawili nimeshanunua kwa ajili ya Juni ijayo.