Matembezi ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed kwa Shilingi 20,000

Jumamosi iliyopita nilijiunga na matembezi ya miguu ya historia ya wanawake wa Dar es Salaam, yanayoongozwa na kijana mmoja asiye na kampuni wala bango, ambaye wateja wake humpata kwa kuelekezana. Ada ni shilingi 20,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mwanafunzi. Njia huanzia viwanja vya Mnazi Mmoja, hugusa Mtaa wa Lumumba, kisha hufuata Barabara ya Bibi Titi Mohamed, huvuka Barabara ya Morogoro na kuishia Maktaba Kuu ya Taifa. Tulikuwa watu saba. Barabara hiyo nimeipita kwa zaidi ya miaka thelathini, mara nyingi nikiwa nimening'inia ndani ya daladala, kwa hiyo nilikwenda nikiwa na shaka kama kuna jambo jipya la kuonyeshwa.

Kiongozi wetu alianza kwa kutuomba tutaje barabara za katikati ya jiji zenye majina ya watu. Tukataja Samora, Sokoine, Azikiwe, Lumumba, Nkrumah, Shaaban Robert na Ali Hassan Mwinyi. Mmoja akaongeza ya Barack Obama, iliyoitwa Ocean Road hadi mwaka 2013. Alipotutaka tutaje za wanawake, tulitaja ile tuliyokuwa tumesimama kando yake, kisha tukaanza kutazamana. (Wageni tumewakirimu barabara bila kinyongo, na sina neno na ukarimu huo, ila mtu hujiuliza wenyeji wa kike walikuwa wapi wakati majina yakigawiwa.)

Sehemu iliyonipa thamani ya fedha yangu ilikuwa kivuli cha mti karibu na Ukumbi wa Anatoglo. Hapo tulielezwa jinsi Bibi Titi, aliyezaliwa jijini mwaka 1926, alivyojiunga na TANU, chama kilichopigania uhuru, mwaka 1955 kwa kadi namba 16, na jinsi ugeni wa John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, aliyeuliza walipo wanawake wa TANU, ulivyoharakisha kuundwa kwa kitengo chao. Miezi michache baadaye, kufikia Oktoba mwaka huohuo, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha kuandikishwa. Kiongozi alisoma tarakimu hiyo kutoka kwenye daftari la shule lililojaa maandishi ya kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, kisha akasema kwamba kabla ya siasa Bibi Titi alikuwa "mwimbaji wa ngoma tu".

Katika kundi letu alikuwamo bibi mmoja mwenye umri wa miaka sabini na ushei, aliyejifunga kanga na kushika chupa ya maji iliyozungushiwa kitambaa. Kijana alikuwa amemwamkia shikamoo tangu mwanzo na kumtengea kigogo cha kukalia. "Mjukuu wangu," alisema bila kuinuka, "hiyo 'tu' ifute." Akaeleza, kwa namna aliyosimuliwa na mama yake, kwamba kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake, kilikuwa na viongozi wake, sare zake, michango yake ya harusi na misiba, na wapinzani wake wa mtaa wa pili; mwenye sauti katika kikundi kama hicho akikuambia njoo Jumapili, hukai nyumbani. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja hakikuwa na njia ya haraka kuliko hiyo ya kufika uani, kwa sababu mtandao ulikuwapo tayari na uliendeshwa na wanawake wenyewe, wengi wao wasiosoma shule, waliojua kukusanya senti na kutunza siri. Kijana alisikiliza hadi mwisho, akatoa kalamu nyekundu na kulikata neno lile. Nimeshuhudia waongoza watalii wenye vitambulisho shingoni ambao wasingefanya hivyo.

Mtaa wa Lumumba tuliupita haraka, na ilistahili, kwa kuwa habari za kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954 kila mwanafunzi huzikariri.

Kasoro ilijitokeza mwishoni. Tulipofika Maktaba Kuu, simulizi ilikomea mwaka 1962, Bibi Titi alipokuwa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na hapo tukapigiwa makofi na kuagwa. Yaliyofuata ndiyo yanayolipa jina la barabara ile uzito wake: kushindwa ubunge wa Rufiji mwaka 1965, kujiuzulu uongozi wa chama baada ya Azimio la Arusha la 1967 lililowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, kukamatwa mwaka 1969, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha, na kuachiwa mwaka 1972. Miaka mingi ya ukimya ilipita kabla ya kukumbukwa tena hadharani, na alifariki Johannesburg mwaka 2000. Nilipomuuliza kiongozi sababu ya kuyaacha, alijibu kwa adabu kwamba wateja wengine hawapendi kumaliza matembezi kwa huzuni. Jibu hilo sikulikubali. Mtu aliyelipa ada yake na kutembea juani anaweza kuvumilia ukweli wa miaka kumi zaidi, na mamlaka iliyoandika jina la mfungwa wa zamani kwenye barabara kuu ya jiji imefanya jambo kubwa kuliko msikilizaji wa matembezi haya anavyoachwa adhani.

Jambo jingine alilogusia kwa dakika mbili lingefaa nusu saa. Katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, njia nyingi zisizokuwa na majina zilipewa, na wakazi walishirikishwa kutoa mapendekezo kupitia serikali zao za mitaa. Maana yake ni kwamba mlango wa kumtambua mwanamke aliyejenga historia ya eneo fulani ulikuwa wazi hadi kwenye benchi la ofisi ya mtaa, bila kumsubiri mtu wa wizarani.

Aliposema hivyo niliinamisha macho. Mtaani kwetu, katika mkutano wa namna hiyo, mzee mmoja alipendekeza njia yetu iitwe kwa jina la mkunga aliyezalisha karibu nusu ya watoto wa pale kabla zahanati haijajengwa. Watu walicheka, mtu akasema jina la mkunga litatia aibu kwenye barua za benki, na nguzo ikaandikwa jina la ua ambalo halijawahi kuota kwa yeyote kati yetu. Nami nilikuwapo, na mkono sikuunyoosha.

Kwa atakayekwenda: matembezi huanza saa mbili asubuhi na huchukua takribani saa tatu, hivyo chukua kofia na maji, na uvae viatu vinavyostahimili mchanga wa Mnazi Mmoja. Kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro, magari humfunika kiongozi sauti. Simama karibu naye. Ninampa nyota nne kati ya tano, na ya tano nimemwambia nitaiongeza siku atakapofika mwaka 1972. Bibi wa kanga ameniambia atarudi mwezi ujao kukagua daftari.