Kwadi mbili kwenye tope la Mufindi: uzoefu wangu

Nina ekari 22 za misindano na nne za parachichi, na kutoka shambani hadi lami ni kilomita 11 za udongo mwekundu. Anayeijua Mufindi, huku mkoani Iringa, hahitaji maelezo zaidi. Kwa wengine: mvua inaanza Novemba na kwenda mpaka Mei, kisha Juni unaingia ukungu wenye manyunyu, hivyo njia haipati hata nafasi ya kukauka sawasawa. Juu ya udongo huo yanapita malori ya magogo. Lori lililoshiba likipita linaacha mifereji miwili inayofika gotini, na katikati linabaki tuta. Pikipiki ikiingia mferejini miguu yako inaburuzwa kwenye kingo. Gari dogo linalalia tumbo juu ya tuta. Hapo ndipo nilipoanza kuulizia pikipiki za matairi manne, ambazo huku tunaziita kwadi.

Ya kwanza niliinunua kwa macho. Mpya, nyekundu, injini ya ukubwa wa CC 250, shilingi milioni tano na nusu, Dar es Salaam. Muuzaji akaniapia kwamba "hii dada hata milima ya Livingstone inapanda." Nilizunguka nikaangalia taa, nikakaa kitini, nikapiga honi. Sikuinama. Ningeinama ningeona cheni, sproketi (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) na diski ya breki zinaning'inia chini ya ekseli ya nyuma, yaani ndizo za kwanza kugusa ardhi. Ningeona pia kwamba mbele hakuna difu, ile nyumba ya gia inayopeleka nguvu kwenye matairi. Mashine nzima inasukumwa na matairi mawili ya nyuma. Kwa mchanga wa ufukweni, na wageni wa hoteli, mbona inatosha. Kwangu ilimaliza masika moja. Kila kisiki kilichojificha kwenye majani kiliitafuta sproketi, tope likajaa kwenye cheni, cheni ikakaza, ikaruka. Siku ilipokatika nilikuwa na miche 20 ya parachichi kwenye keria, saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha. Nikaiacha pale nikatembea. Asubuhi miche yote ilikuwepo, betri haikuwepo.

Kwa hiyo ukienda kununua, inama. Lala kabisa chini kama fundi, na tepu ya kupimia mkononi. CC utaulizia baadaye.

Kabla ya kununua ya pili niliomba kujaribu Yamaha Grizzly 700 ya jamaa mmoja mwenye miti upande wa Kibao. Niseme ukweli, ile ni raha. Kila tairi lina springi zake, usukani unasaidiwa na umeme, na chini kuna uwazi wa sentimita 27 hivi. Niliendesha kwa muda wa saa mbili, nikashuka mikono haijachoka. Haina gia za kukanyaga: ina mkanda wa mpira unaopanda na kushuka kwenye puli mbili, wewe kazi yako ni kusukuma mafuta kwa kidole gumba. Kwadi nyingi za kisasa ziko hivyo. Shida ya mkanda wowote ni maji. Ukilowa unateleza, injini inanguruma na chombo hakisogei, mpaka ufungue plagi ya kumwagia maji kwenye nyumba ya mkanda na kuukausha. Na mkanda ukikatika, hapa kwetu hakuna duka la kukimbilia. Kama pesa yangu ingefika na spea zingekuwa Mafinga, mji wetu wa huku, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Nikaangukia Honda TRX420, ile inayoitwa Rancher, iliyotumika, milioni 13 na kidogo. Gia tano za kukanyaga na rivasi, lakini haina mkono wa klachi, kama zile Honda 90 za wazee wetu. Mkijua kuendesha ile mtaijua na hii. Injini yake imekaa kufuata urefu wa chombo, hivyo nguvu inakwenda mbele na nyuma kwa shafti moja kwa moja. Hakuna cheni, hakuna mkanda. Breki ya nyuma ni ya ngoma, imefungwa isiingie maji. Ukitaka, matairi ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Fundi wangu wa Mafinga alipolala chini yake mara ya kwanza alitoka anacheka: "Dada, hii ni ng'ombe, siyo pikipiki."

Ng'ombe huyo ana kasoro yake, na niliijua kabla ya kulipa kwa sababu safari hii nilikwenda na tepu. Nyuma ina ekseli moja nzima, na chini ya difu nilipata sentimita 16. Kwenye mifereji ya malori difu hiyo inalima tuta la katikati kama plau. Faida ya ekseli nzima ni kwamba matairi mawili ya nyuma yanazunguka pamoja siku zote. Hakuna moja kusota hewani huku jingine limelala. Nimejifunza kupanda tuta kwa tairi la upande mmoja na kuweka jingine ukingoni, nikiegemeza mwili. Ukifika mahali mfereji umezidi, shuka utazame kwanza. Kushuka ni sekunde kumi, kuchimba ni saa nzima.

Sasa matairi, na hapa ndipo nilipopoteza miezi mitatu bila kujua. Nilipeleka kwadi kwa kijana wa pancha akanijazia upepo psi 30 (psi ndiyo kipimo cha upepo wa tairi), akanipa na maelezo juu yake kwamba upepo mdogo unaleta pancha. Nilirudi nyumbani nadunda kama mpira. Kwenye mteremko wa mwisho, kwenye utelezi ambao hata kwa miguu naupita, kwadi ilikwenda ubavu ubavu hadi kwenye mfereji. Nikalaumu matairi, nikalaumu Honda, nikamlaumu aliyeniuzia. Baadaye wakati wa kuiosha nikaona kibandiko kwenye madigadi: psi 3.6. Tatu nukta sita! Nikarudi kwa yule kijana, naye hakuwa na kosa sana, maana geji yake inaanzia 10. Kwenye tairi langu mshale haukutikisika hata kidogo. Nikaagiza geji ndogo inayoishia 15. Nikiwa na psi 4 tairi linakaa bapa, unyayo wake unapanuka, na meno yanajipinda kidogo kila linapozunguka, ndiyo maana tope linabanduka. Ukiona meno yamezibwa tope mpaka tairi limekuwa laini kama yai, ama upepo ni mwingi ama tairi lenyewe si la tope.

Mwaka wa pili nikaweka matairi ya tope hasa, yenye meno marefu ya milimita 28 yaliyopangwa kama mishale. Nilitoka inchi 24 nikaenda 25. Wengi wanadhani ukiongeza inchi moja umepanda inchi moja. Unapanda nusu, nusu nyingine imebaki juu ya ekseli. Na kila tairi linavyokuwa kubwa, gia ya kwanza inazidi kuwa nzito mlimani. Nimeishia hapo. Kwenye lami yanapiga kelele kama nyuki na yanalika haraka, hivyo mjini siendi nayo.

Winchi, ile mashine ya kamba ya kujivutia ukikwama, ningeinunua hata kabla ya matairi, kwa sababu naendesha peke yangu. Yangu inavuta kilo 1,100 hivi. Chukua ya kamba laini, usichukue ya waya: waya ukikatika ni panga linaloruka, na ukiuzungusha kwenye msindano mchanga unachuna gome lote. Mimi nafunga mkanda mpana kwenye mti kwanza, kisha ndoano.

Mabaya mawili niliyoifanyia mwenyewe. Rejeta iko mbele, na kila rasha ya tope inaishia hapo. Siku moja feni ilizunguka bila kukoma, taa nyekundu ikawaka, nikadhani maji yamekwisha. Yalikuwepo, rejeta ilikuwa imekandikwa kama ukuta wa nyumba ya udongo. Nikaipeleka kwa vijana wa kuosha magari, wakaipiga kwa mashine ya presha, nusu ya mapezi yakalala. Sasa naiosha kwa mpira wa maji wa kawaida, kutoka nyuma kwenda mbele. La pili: nilivuka kijito maji yakafika kwenye kiti, nikafurahi kwamba injini haikuzima. Wiki mbili baadaye fundi alifungua plagi ya difu ya nyuma, ikatoka oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Tulimwaga na kujaza mara tatu hadi ikatoka safi.

Kuhusu abiria: hii ni ya mtu mmoja. Kiti kirefu kinadanganya, kwa sababu kile kirefu ni cha wewe kusogea mbele unapopanda na nyuma unaposhuka. Mishikaki ya bodaboda usiilete huku. Nimeona kwadi ikimpindukia mtu kwenye kilima kwa sababu aliigeuza katikati ya mwinuko. Alipona kwa kuruka. Na vaa helmeti, hata kama ni shambani kwako.

Je, ununue? Kama mzigo wako ni dumu moja na simu, hapana. Vijana wa bodaboda huku wanafunga vipande vya cheni kwenye tairi la nyuma na wanapita masika yote. Mmoja alinipita mimi na milioni zangu 13 nikiwa nafunga winchi, akanipungia. Mimi nabeba mbolea, pampu ya dawa na msumeno, na nashuka mabondeni kusikofika bodaboda, kwa hiyo sijutii.

Kwa sasa imepaki chini ya mwembe. Sili ya ekseli upande wa kulia imeanza kuvuja, matokeo ya kile kijito, na spea nimeagiza Dar tangu wiki iliyopita. Dereva wa basi anasema bahasha ipo, ila basi lenyewe limekwama njiani.