Uzoefu wangu: kuonja mvinyo Dodoma kwa anayeanza

Kama unataka kujua aina za zabibu za mvinyo, nenda Dodoma uanzie shambani. Mimi na dada yangu tulifanya hivyo kwenye kiwanda kidogo nje ya mji, na huduma yao ya kuonja naipendekeza kwa moyo wote, ingawa nina malalamiko mawili.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo miezi hiyo utazikuta bado mtini. Mwenyeji wetu alichuma punje ya Syrah, nyeusi tii, akaipasua kwa ukucha. Ndani nyeupe, na maji yake hayana rangi. Akatuambia tutafune ganda peke yake. Ulimi ulikauka, ufizi ukashikwa na ukakasi. Hiyo ndiyo tanini. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, ukanyonya rangi na ukakasi wake. Kwa mweupe, zabibu hukamuliwa kwanza, maganda yakatolewa, ikachachushwa juisi tupu. Baada ya hapo kila glasi ilikuwa na maana.

Mezani walianza na Chenin Blanc, zabibu ya mvinyo mweupe. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, ila siku hizi Afrika Kusini ndiyo inayoilima zaidi duniani. Inanukia tufaha bichi, na uchachu wake haupotei hata zabibu ikiivia kwenye jua kali, ndiyo maana Dodoma inaipatia sana. Kwa samaki wa kukaanga na ndimu, sijaonja mvinyo unaoishinda.

Syrah, ambayo Waaustralia huiita Shiraz, ni nzito na ina pilipili manga kwa mbali. Lalamiko la kwanza liko hapa: ililetwa na joto la mezani, mchana wa Dodoma, wakati mvinyo wa aina hii unataka nyuzi 16 hadi 18 hivi. Pombe ilipanda puani ikafunika kila kitu. Tukaomba ndoo ya barafu, na baada ya robo saa pilipili manga ikajitokeza yenyewe. Ukiona hivyo, usione haya kuomba.

Makutupora ndiyo niliyoifuata. Imebeba jina la kijiji kilicho kaskazini mwa mji, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Wengi wetu tumeinywa kwenye mvinyo mtamu bila kuijua kwa jina. Hapa waliileta kavu, yaani isiyo na utamu, nyepesi kuliko Syrah, na kwa mbuzi wa kuchoma naichagua kabla ya nyekundu nyingine zote za siku ile.

Mwishoni zilikuja Cabernet Sauvignon na Pinotage za Afrika Kusini, za kulinganishia, lakini harakaharaka. Hata hawakutaja kwamba Pinotage ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold, kwa kuchanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut.

Lalamiko la pili: chupa zinazouzwa pale mlangoni zimeandikwa tu "mwekundu" au "mweupe", jina la zabibu hakuna. Uliza kabla ya kulipa. Nenda asubuhi, ukiwa umekula, na uwe na dereva asiyekunywa.