Mashine ya barafu ya mezani: miezi minane ya uzoefu wangu

Nimetumia mashine ya kutengeneza barafu ya kuweka juu ya meza kwa miezi minane sasa, na kwa kuwa niliichagua kwa kigezo ambacho leo nisingekipa uzito mkubwa, naona ni vyema nieleze nilivyokosea kabla sijaeleza ninavyoridhika nayo. Sanduku lake lilikuwa limeandikwa kilo 12 kwa saa 24. Namba hiyo niliisoma kana kwamba ni ukubwa wa ghala, ilhali ni kasi ya bomba: maana yake ni nusu kilo kwa saa, iwapo mashine haipumziki, na iwapo kuna mtu wa kuondoa barafu kila kikapu kinapojaa.

Kikapu ndicho kilichonipotosha. Katika mashine nyingi za aina hii kikapu hakigandishi chochote. Ni chombo cha plastiki kilichomo ndani ya kuta zenye povu la kuzuia joto, basi. Changu hubeba chini ya kilo moja. Kikijaa, kihisi husimamisha kazi, na barafu ikianza kuyeyuka, maji yake hudondokea tangini, huvutwa tena na kugandishwa upya. Siku ya kwanza nilipotarajia wageni niliiwasha asubuhi na mapema, nikiamini kwamba kufikia jioni ningekuwa na akiba ya kutosha. Jioni ilipofika nilikuwa na kikapu kimoja tu, tena vipande vya chini vilikuwa vimeshikamana kuwa bonge. Wageni walikuwa kumi na wanne. Tangu hapo nimezoea kuhamishia barafu kwenye mifuko ndani ya friza kila baada ya saa moja na nusu hivi, jambo linaloonyesha kwamba mashine haikuniondolea haja ya friza kama nilivyodhani. Zipo zenye sehemu ya kuhifadhia inayopozwa, lakini ni kubwa zaidi, na anayeitaka hana budi kupima kwanza nafasi aliyonayo.

Utendaji wake wenyewe unapendeza kuutazama. Vidole tisa vya chuma huzama kwenye trei ndogo ya maji, na gesi ya kupozea inayopita ndani yake huvifanya vivae barafu tabaka kwa tabaka. Kisha valvu hugeuza mkondo na kuipitisha gesi ya moto itokayo kwenye kompresa, vidole hupata joto ghafla, vipande huachia, na kijikoleo huvisukuma kikapuni. Duru ya kwanza hutoa vipande vyembamba ambavyo mimi huvirudisha tangini. Kwa sababu barafu huganda kuzunguka kidole, kila kipande huwa na tundu katikati, mithili ya subana ya mshonaji. Tundu hilo hukipoza kinywaji upesi, kwa kuwa kinagusana na barafu nje na ndani, lakini kwa sababu hiyohiyo barafu haidumu na kinywaji huzimuka mapema. Wala vipande si angavu. Anayetaka barafu inayong'aa kama kioo atafute mashine ambayo maji yake hutiririka juu ya bamba la baridi, kwani mtiririko huo huondoa viputo vya hewa kabla havijanaswa. Hiyo, hata hivyo, kwa kawaida huhitaji kuunganishwa na bomba la maji na kuwa na njia ya kutoa maji yanayobaki, na jikoni kwangu hapakuwa na nafasi ya mambo hayo.

Kosa langu la pili lilikuwa mahali. Niliibana kati ya jiko na ukuta, na duru iliyokuwa ikichukua dakika nane ikaanza kukaribia kumi na tano. Mashine hii haiumbi baridi, bali huhamisha joto kutoka kwenye maji na kulitupa nje kwa feni, hivyo ikikosa hewa ubavuni hulivuta tena joto lililotupwa. Nilipoiachia nafasi ya kama sentimita 15 kila upande, mbali na jiko, ikarudia mwendo wake. Maji yenyewe nayo yana sehemu yake: maji ya nyuzi 25 hudai karibu robo ya kazi yote ili yashuke tu hadi sifuri, kabla hata barafu haijaanza kufanyika. Siku hizi hujaza tangi kwa maji yaliyokwisha kupoa ndani ya friji, na tofauti naiona. Kuhusu agizo la kuiacha imesimama wima kwa saa 24 baada ya kuisafirisha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, nilitii, ingawa kwa shida.

Kelele ni ya friji ya kawaida, ukiacha mporomoko wa barafu kikapuni, ambao usiku husikika hadi chumba cha pili.

Usafi ndio unaonichosha. Tangi hubaki na unyevu, na maji ya kwangu yana chokaa nyingi. Mwezi wa tatu taa ya kuashiria upungufu wa maji ilianza kuwaka ilhali tangi limejaa. Nikadhani pampu imekufa. Kumbe chokaa ilikuwa imeziba kichujio kidogo kilichoko chini. Niliendesha duru mbili kwa maji yenye asidi ya sitriki, nikasuuza mara tatu, nikamwaga barafu yote iliyopatikana, na tatizo likaisha. Sasa nafanya hivyo kila mwezi. Kinachonikera ni kwamba kizibo cha kutolea maji kimewekwa chini ya tumbo la mashine, kwa hiyo kila nikitaka kuisafisha sina budi kuisogeza hadi ukingoni mwa meza huku mkono mmoja ukishika beseni na mwingine ukitafuta kizibo kwa kupapasa. Nikinunua nyingine, nitaigeuza dukani nione kizibo kiko wapi kabla sijasoma namba yoyote kwenye sanduku.