Tahadhari: Muuzaji wa injini "zilizosukwa upya" anayewalenga wanaojifungia injini wenyewe

Natoa tahadhari hii kwa kila mwenye gari la zamani ambaye injini yake imekufa ilhali bodi bado ni nzima, na ambaye ameamua kushusha injini hiyo na kupandisha nyingine kwa mikono yake mwenyewe ili gari lisiishie kuuzwa kama chuma chakavu. Uamuzi huo ni mzuri na ninauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, wapo wauzaji waliokwisha kugundua mahali anapobanwa mtu wa namna hiyo: ubovu wa injini nyingi haujulikani mpaka injini iwe imefungwa ndani ya gari, na ikishafungwa, lawama zote humwangukia aliyeifunga.

Muuzaji ninayemzungumzia hutangaza mtandaoni injini anazodai zimefumuliwa na kusukwa upya, yaani kufunguliwa zote na kuunganishwa tena, na katika tangazo lake huwaita waziwazi wale wanaotaka kujifungia wenyewe ili kuokoa gharama za gereji. Simtaji jina kwa sababu malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, na pia kwa sababu mbinu anayotumia si yake peke yake. Aliniuzia injini ya petroli ya silinda nne iliyopakwa rangi ya fedha, ikiwa na gasketi mpya zinazoonekana kwa nje na karatasi ya dhamana ya miezi sita. Niliifunga kwa kufuata kitabu cha gari, nikabadilisha filta, nikajaza oili mpya, kisha nikachomoa waya za koili zinazotoa cheche na za injekta zinazonyunyiza mafuta, na kupiga stata mpaka taa ya oili ikazimika, ili injini isiwashwe ikiwa kavu. Iliwaka vizuri. Ilipopata moto, mlio mzito wa kugonga ukaanza kutoka chini, nao uliongezeka kila nilipokanyaga mafuta.

Niliposhusha sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, nilikuta oili mpya imejaa chembe za chuma zinazometa. Nilifungua kifuniko cha konrodi moja (mkono unaounganisha pistoni na mhimili wa injini) na kutoa beringi yake, kile kipande chembamba cha nusu duara ambacho kikiwa kipya huwa na rangi ya kijivu. Hiki kilikuwa kimelika mpaka rangi ya shaba ya tabaka la chini ikajitokeza, na kwenye krankshafti, yaani mhimili huo, kulikuwa na mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha unanasa. Mtu anaweza kubishana kwamba beringi huharibika hata kwa dakika chache ikikosa oili, na hilo ni kweli. Lisilobishika ni utando mweusi wa oili iliyoungua, mkavu na mgumu, uliofunika kuta za ndani za bloki, yaani mwili mkuu wa injini. Utando kama huo hujijenga kwa miaka. Injini iliyofumuliwa na kusukwa upya huoshwa ndani kabla ya kuunganishwa, na hii haikuwahi kufunguliwa. Ilioshwa kwa nje tu, ikapakwa rangi.

Jibu la muuzaji lilikuwa fupi: injini imefungwa na asiye fundi, kwa hiyo dhamana imekufa. Nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo mno, kweli kuna sharti kwamba injini ifungwe na gereji iliyosajiliwa, na jingine linalodai risiti za themostati mpya, pampu mpya ya maji na kusafishwa kwa redieta. Sharti hili la pili nalikubali, kwa kuwa redieta iliyoziba huua injini nzima kwa joto, na mtu anayebadilisha injini bila kuishughulikia anajitafutia hasara. Lile la kwanza, likiandikwa na mtu yuleyule anayewaalika wanaojifungia wenyewe, ni mtego uliotegwa kabla pesa hazijapokelewa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, mwandikie muuzaji kwamba injini utaifunga wewe mwenyewe, umuulize kama dhamana inabaki hai, na umtake akujibu kwa maandishi. Akikwepa kujibu, au akisisitiza kukupigia simu badala ya kuandika, achana naye.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Wauzaji wengi hubandika kwenye bloki au silinda hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) kisahani kidogo cha chuma ambacho kiini chake huyeyuka injini ikizidi joto, kwa kawaida kwenye nyuzi 120 na kitu za Selsiasi. Kwa muuzaji mwaminifu, hicho ni kinga ya haki. Huyu wangu alikuwa amekibandika nyuma, upande unaoelekea ukuta unaotenganisha injini na abiria, ambako injini ikishafungwa huwezi tena kukiona, na kiini chake kilikuwa kimekwisha kuyeyuka injini ilipofika. Picha nilizopiga wakati wa kuipokea zinalionyesha hilo, na ndizo zilizomfanya aache kudai kwamba nimeichemsha mimi. Zunguka injini yote siku unayoipokea, mbele ya aliyeileta, upige picha kila upande, pamoja na kila kibandiko na kila kisahani.

Sasa nieleze jinsi ya kuibana injini ikiwa bado iko sakafuni kwa muuzaji, maana hapo ndipo mnunuzi ana nguvu. Watakwambia haiwezi kupimwa kwa sababu stata hufungwa kwenye giaboksi, na giaboksi haipo. Si kweli. Kipo kipimo cha uvujaji, ambacho hakihitaji stata: pistoni huletwa juu kabisa mwisho wa mgandamizo, valvu zote zikiwa zimefunga, kisha upepo wa kompresa huingizwa kupitia tundu la plagi na kusikilizwa unakotokea. Ukisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, valvu ya kuingiza haifungi. Ukisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ukivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi za pistoni zimechoka. Na maji ya kupozea yakitoa mapovu, gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka. Krankshafti ishikiliwe kwa spana ndefu, na mikono ikae mbali, kwa sababu upepo huo unaweza kuizungusha ghafla. Ukumbuke pia kwamba kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu beringi za chini, kwa hiyo omba sampu ishushwe na kifuniko kimoja kifunguliwe mbele yako. Anayeuza injini iliyosukwa kweli hana sababu ya kukataa.

Kama injini ina stata na inaweza kupimwa kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, tahadhari na oili iliyomiminwa kwenye silinda. Kijiko kimoja tu cha oili huziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda na kupandisha kipimo kwa muda, na mafundi wenyewe hutumia njia hiyo kutambua ringi zilizochoka. Muuzaji asiye na haya huimimina kabla hujafika. Kwa hiyo toa plagi zote, funika matundu kwa kitambaa cheupe, piga stata kwa sekunde kadhaa, kisha uangalie kitambaa. Kikitoka na madoa ya oili mbichi, usiamini namba yoyote utakayoonyeshwa. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya PSI (kizio cha shinikizo) 150 na 200, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha gari lako, na tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Silinda tatu zikisoma 170 na moja 110, hiyo si injini ya kubeba.

Namba ya injini isomwe kwenye bloki yenyewe, ilinganishwe na ya kwenye risiti, na ipigwe picha. Iliyokwanguliwa au kugongwa upya iache hapohapo, kwa kuwa unaweza kuwa unanunua mali ya wizi, na usajili wa gari lako unaweza kukwama. Video ya injini inayounguruma haina thamani kama namba hiyo haionekani humohumo. Wala usishawishike na kilomita chache zinazotajwa, kwani injini haina dashibodi. Mfanano wa jina la injini nao hautoshi: hakikisha idadi na mahali pa sensa (vihisio vya injini), aina ya throtoli (kilango cha kuingizia hewa), ya kebo au ya umeme, na vishikizo vyake vinalingana na vya gari lako, kwa sababu wauzaji wa namna hii hukutumia iliyo karibu kufanana, kisha hukwambia hakuna kurudisha.

Kuhusu malipo, huyu hudai arbuni kubwa mapema, tena kupitia njia isiyorudisha pesa, na hutaka injini yako ya zamani kama sehemu ya malipo. Usiitoe ya zamani mpaka mpya iwe imefanya kazi. Ukiitoa, unapoteza vipuri vyako na ushahidi wa jinsi zilivyopaswa kulingana.

Kwa aliyekwisha kununua kwake na injini imeanza kugonga au kutoa moshi: izime, usiendelee kuifungua kabla hujamwarifu kwa maandishi na kumpa nafasi ya kuja kuiona, na kama hatakuja, mtafute fundi asiyehusika na upande wowote aifungue akiandika na kupiga picha kila hatua. Hifadhi oili iliyomwagwa kwenye chombo safi, pamoja na filta yake, bila kuikata. Tangazo lake nalo lipige picha leo, kwa sababu nilipowasilisha malalamiko yangu, maneno "jifungie mwenyewe" yalikuwa yamekwisha kufutwa.